Kiti Kimoja Barazani

Hapo zamani, vitunguu vilipokuwa na nchi yao, nchi hiyo iliitwa Mvuleni. Nyuma ya kilima ilikuwako Kando, nchi ya chumvi. Kando walikula vitunguu vya Mvuleni, Mvuleni wakala chumvi ya Kando, na kila jiko likanukia.

Siku moja mfalme wa Mvuleni aliudhiwa na mfalme wa Kando kwa neno dogo tu la arusini. Akapiga mbiu: chumvi ya Kando marufuku. Mawaziri wakaitikia hewala, na katika hao hakuna aliyewahi kuuza hata kitunguu kimoja. Kando nao wakajibu: vitunguu vya Mvuleni marufuku. Basi vitunguu vikachipua ghalani, punda wakanenepa kwa kukosa mizigo, mchuzi ukawa maji ya moto. Mfalme hakujua, maana jikoni kwake palikuwa na akiba.

Kubadilisha mbiu Mvuleni kulikuwa na sharti. Anayetaka iondolewe humpelekea mfalme chakula, na huweka rehani chombo chake cha kazi. Mfalme akikataa, chombo hakirudi.

Bi Mashavu alikuwa muuza vitunguu. Wauza vitunguu walikuwa hawaamkiani sokoni, na yeye alikuwa bingwa wa kununa. Lakini alizunguka nyumba kwa nyumba, akamwomba radhi hata Bi Saumu, hasimu wake tangu ujana, mpaka wote wakawa na neno moja.

Kitwana, mwenye punda, alivuka kilima akakaa na wapika chumvi wa Kando. Aliwabembeleza mpaka wakamwendea mfalme wao, naye Kitwana akarudi na ahadi ya mfalme huyo: mkifungua lango, nasi tunafungua.

Lakini nani aende ikulu? Wakatazamana. Bi Mwaka, muuza pilau, akabeba sufuria zake, tegemeo la wanawe, akaziweka rehani, akampakulia mfalme. Mfalme akatia tonge, akatafuna, akaacha.

"Mwaka, umesahau chumvi."

"Sikusahau, mfalme wangu. Umeikataza mwenyewe. Wauza vitunguu wote wanakuomba ulegeze, na Kando wameahidi watafungua."

Mfalme akaitazama sahani, kisha akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Mbiu ikapigwa upya, sufuria zikarudi kwa mwenyewe, na watu wakacheza ngoma kwa furaha.

Mfalme akasema, "Tangu leo sikatazi wala siruhusu bidhaa ya nje kabla ya kumsikia mfanyabiashara. Kiti barazani ni kimoja. Nimpe nani?"

"Mimi," akasema Bi Mashavu. "Kidole kimoja hakivunji chawa. Nisingewakusanya, ungesikia kelele za soko, si neno la nchi."

"Mimi," akasema Kitwana. "Mngefungua lango lenu, la kwao angelifungua nani?"

"Neno mlikuwa nalo, ahadi mlikuwa nayo," akasema Bi Mwaka, "na mlikuwa mmekaa mnatazamana. Aliyekuwa alale njaa na wanawe ni mimi."

Mfalme akajikuna kichwa, hadi leo anajikuna. Mawaziri wakajibanabana, wapi, kiti hakikuongezeka. Wanaodai wanajua jibu, nimewachunguza, wote wana ndugu katika watatu hao. Ninyi wenzangu hamna undugu nao. Haya, semeni: je, kile kiti, nani alistahili kukikalia?