Mchemraba Uliomgomea Sokwe

Haya, masikio!
— Yako wazi!
Na midomo?
— Imefungwa!

Imefungwa, na huko nyuma ni nani anabwabwaja? Nikianza sirudii. Mimi nasema mara moja, tena nasema waziwazi.

Alikuwepo Komba, yule mdogo mwenye macho makubwa na vidole vyembamba. Komba alikuwa akikusanya michemraba ya zamani ya kuzungusha, ile yenye rangi kila upande, unaivuruga mwenyewe kisha unahangaika kuipanga upya. Wenzake walikusanya matunda. Yeye, michemraba. Msiniulize alikula nini.

Na aliitunza! Anaufungua mmoja, ting! Anaupiga brashi, swa-swa-swa. Anautia tone la mafuta, to! Anaufunga, kap! Ukiushika, unateleza kama kambale.

Jirani yake alikuwa Sokwe. Lijitu la mabavu, mikono kama magogo, na kila alichokiona alikitaka.

Akaja Sokwe. "Mpwa, niazime mmoja."

Komba akamwazima. Ukarudi umejaa asali, hauzunguki. Komba akaguna, akaufungua. Ting! Swa-swa-swa. To! Kap!

Akaja tena. "Mpwa, niazime mwingine."

Ukarudi una ufa. Alilazimisha safu igeuke na ya pili yake haijanyooka, kra!

"Mjomba! Nyoosha safu kwanza, ndipo ugeuze! Nimekwambia mara ngapi?"

"Nilikuwa na haraka."

Haraka ya kwenda wapi, jitu linaloshinda limelala?

Akaja tena. Safari hii hakuazima. Alibeba kapu zima la michemraba.

"Mjomba, hiyo ni yangu!"

"Ilikuwa."

Ndani ya kapu mlikuwa na ule wa mbao alioachiwa na bibi yake, na wa namna ile hautengenezwi tena. Kupigana na Sokwe? Kwa vidole vile? Akaruka juu ya tawi, akapaza sauti: "Jamani, njooni muone! Mjomba amebeba michemraba asiyojua kuipanga!"

Wanyama wakaja mbio, ndege Kanga mbele yao. Sokwe akasimama. Hilo lilimchoma, maana kupanga alijua. Alikuwa akimchungulia Komba siku zote mpaka akaujua kila mzunguko.

"Sijui? Mimi?"

"Basi panga mmoja mbele ya watu. Ukiweza, kapu lako. Ukishindwa, unarudisha lote, na hutii mkono wako humu tena."

"Nakubali! Kanga, wewe ndiye shahidi." Sokwe akachomoa mmoja wa plastiki, akaujaribu. "Ngoja. Huu umekauka. Utie mafuta kwanza, kijitu wee, usiniletee hila!"

Mmesikia? Ameomba mwenyewe. Mimi simo.

Komba akaketi peupe, kila mtu anamwona. Ting! Swa-swa-swa. To! Akarudisha vipande kimoja kimoja. Kona moja akairudisha mahali pake hasa, ila ameigeuza, rangi ya juu inatazama ubavuni. Kap! Akauvuruga, akamkabidhi. Na wenye kazi hii wanajua: kona ikirudishwa imegeuka, zungusha mpaka vidole viote sugu, mchemraba haupangiki.

Sokwe akaanza. Zungu, zungu, zungu. Nyekundu ikakaa. Zungu, zungu. Buluu ikakaa. Watu wakashangilia. Ikabaki kona moja, imegeuka.

"Bado kidogo, mjomba," akasema Komba.

Akaanza upya. Zungu, zungu. Ikabaki kona moja. Akaanza upya. Kona moja! Akapiga kifua, akaulaumu mchemraba, akaulaumu upepo, akamgeukia Kanga.

"Unanipumulia!"

"Sasa nikapumulie wapi, mzee?"

"Haupangiki huu!" Sokwe akautupa chini.

"Haupangiki?" Komba akauokota, akaufuta jasho kwa kitambaa. Chini ya kitambaa dole gumba likaisukuma ile kona, nyek! Hakuna aliyesikia, Kanga alikuwa anacheka. Akauvuruga mbele yao, kisha zungu, zungu, zungu. Kila upande rangi moja, safi.

"Kekekee!" akalia Kanga. "Kapu la Komba!"

Sokwe akaliweka kapu chini, mabega yamelegea. Komba akamwita.

"Mjomba, usiondoke mikono mitupu. Chukua huu huu, ukajizoeze nyumbani. Ngoja kwanza niutie mafuta." Ting! Swa-swa-swa. To! Kap!

Sokwe akalia kwa shukrani. Mpaka leo yuko msituni, zungu, zungu, imebaki kona moja. Hana nafasi ya kugusa cha mtu.

Nini? Nani anasema Komba alidanganya? Wapi? Mambo yote yalifanywa hadharani, na shahidi yupo!

Funzo lake ni hili: ukiwa na vingi, mgawie jirani kimoja, kwa moyo mweupe.

Ngano nimeitua hapo. Anayeiona nzito aiache chini, asiniite nije kumtwisha.