Bibi Maumivu Alivyohamia Mwilini

Msiniulize nani aliyeyaona haya, maana waliokuwapo hawakuacha anwani. Ninachojua ni kwamba kulikuwa na wakati ambapo mwili wa mwanadamu ulikuwa hauumi. Mtu alikanyaga mwiba akaendelea na safari, akaungua mkono akaendelea kukoroga chungu, akavunjika mguu akacheza ngoma juu ya mguu huohuo mpaka mfupa ukachungulia nje. Ninyi mnaofumba macho mkiona sindano mtasema wale walikuwa na bahati. Subirini kwanza.

Watu hao walikaa kwenye chemchemi za maji ya chumvi, na kazi yao ilikuwa kuyachemsha maji hayo kwenye vyungu vikubwa mpaka yakauke, ibaki chumvi. Kutwa walikuwa kwenye moto na mvuke. Kwa kuwa miili yao haikuwaambia lolote, walijiwekea desturi. Kila jioni, kabla ya kugusa chakula, watu wa nyumba moja waliketi uani wakakaguana. Mke alimkagua mume, mume akamkagua mke, na watoto walipangwa mstari: fungua mdomo, inua mguu, geuka. Aliyekutwa na jeraha alioshwa akafungwa majani. Aliyekwepa ukaguzi jioni mbili mfululizo alionekana mtu asiyejipenda, hata posa yake ilikataliwa.

Katika kukagua, hakuna aliyemfikia Nyamizi. Aliweza kuuona mwiba uliozama ndani ya kisigino kigumu kama ngozi ya ngoma, na majirani walimletea watoto wao awaangalie mara ya pili. Mwenyewe alijivunia macho yake, na sitamficha, alijivunia kupita kiasi. Lakini macho hayo hayakumwokoa mumewe, Mlekwa. Jioni moja alimkagua mwili mzima, akamwambia yu mzima, wakala, wakacheka. Asubuhi alimkuta amepoa, bila alama hata moja kwenye ngozi. Tangu hapo Nyamizi aliwakagua watu mara mbili, na binti yake Kalunde, mtoto wa miaka sita, alimkagua mara tatu.

Ndipo Kalunde alipoanza kunyong'onyea. Mwili ulikuwa moto, chakula hataki, akitembea anayumba. Alipoulizwa ana nini, alijibu kwa ukweli wote kwamba hana kitu. Nyamizi alimkagua kuanzia utosini mpaka kwenye nyayo, kisha akarudia, kisha akarudia tena. Akamwita shemeji yake Kasanda, msimamizi wa majiko ya chumvi, naye atazame. Ngozi ilikuwa safi. Siku ya tatu mtoto hakuinua kichwa, na Nyamizi aliona wazi kwamba atamkuta kama alivyomkuta Mlekwa.

Nyamizi akiwa ameketi mlangoni, mbuzi wake mmoja akapita akichechemea. Mbuzi alisimama, akainua mguu wa nyuma, akageuza shingo na kulamba mahali pamoja, akalamba tena palepale. Watu wa chemchemi walizoea kuwacheka mbuzi kwa mambo hayo. Walisema wanyama wana Bibi Maumivu ndani yao, ndiyo maana wanalialia ovyo. Siku hiyo Nyamizi hakucheka. Mbuzi alijua mwiba ulipo bila kukaguliwa na mtu, na yeye mwenye macho ya kusifiwa hakujua mwanawe ana nini. Alimwonea mbuzi wivu. Akamwachia Kasanda mtoto, akaondoka.

Bibi Maumivu aliishi peke yake nyuma ya kilima, mahali ambapo wanyama walikwenda kulamba udongo wa chumvi. Zamani aliwahi kuja kuomba makao kwa watu, wakamfukuza kwa sababu ya sauti yake. Alikuwa hajui kunong'ona. Hata shikamoo ya Nyamizi aliiitikia kwa kishindo mpaka ndege wakaruka mitini. Nyamizi alimweleza shida yake: aingie kwa mwanawe, amwonyeshe palipoharibika, kisha atoke.

"Siingii kwa mmoja," Bibi Maumivu akasema. "Nikiingia, naingia kwenu nyote, na kwa watakaozaliwa. Na nisikudanganye, mwanangu. Kusema taratibu siwezi, na nimezeeka. Kuna siku nitamaliza kazi nisahau kutoka."

Nyamizi aliuliza kama kuna lolote la kumtuliza akishaingia. Yule bibi alimgeukia amtazame vizuri, maana hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Napiga kelele kwa kuwa sisikilizwi," akasema. "Mtu mwingine akiniitikia, nitapunguza sauti. Sitanyamaza, lakini nitapunguza."

Nyamizi alijua watu wake watamchukia. Ningependa kuwaambia kwamba alilipima jambo hilo kwa makini, lakini hakulipima. Alimfikiria Kalunde tu, akasema, "Twende, bibi."

Walipofika katikati ya mteremko, mikono yake iliamka. Miaka ishirini ya vyungu vya moto ilimrudia kwa mara moja, akakaa chini njiani akapiga yowe. Kulia kwa msiba alikujua, lakini kulia kwa ajili ya mkono kulikuwa kugeni kwake. Bondeni nako kijiji kizima kilikuwa kinapiga mayowe. Katikati ya kelele zile akaisikia sauti moja ndogo, akainuka akakimbia.

Kalunde alikuwa ameketi, uso ameukunja, mkono umelishika sikio la kushoto.

"Mama," akasema, "hapa."

Sikio hilo Nyamizi alikuwa amelitazama kila jioni, mbele na nyuma. Ndani kabisa, kwenye kona isiyofikiwa na mwanga, jicho lake lilikuwa halijawahi kufika. Alipasha mafuta ya mawese kidogo, akayajaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono yasije yakamchoma mtoto, akayamimina sikioni na kumlaza ubavu. Baada ya muda yakatoka mafuta, ukatoka usaha, kisha akatoka kupe aliyevimba kama haragwe. Kalunde alilia mpaka usingizi ukamchukua. Kesho yake aliomba uji.

Lakini kabla ya kesho hiyo, watu walijaa mlangoni. Kasanda alikuwa mbele yao, amesimama kwa mguu mmoja, akamwamuru Nyamizi arudishe alichokileta. Nyamizi alimtazama mguu ule mwingine. Kidole gumba kilikuwa kimevimba na kuwa cheusi, kimevunjika siku nyingi, na katika ukaguzi wa jioni tano kila mtu alidhani ni masizi ya jikoni. Angeweza kubishana naye. Badala yake alipiga magoti, akauweka mguu ule juu ya kiganja chake kilichoungua.

"Pole, shemeji," akasema.

Neno hilo walikuwa nalo, la kumwambia mfiwa. Hakuna aliyewahi kumwambia mtu kwa ajili ya kidole. Kasanda, aliyekuja kugomba, akakaa chini. Baadaye ndipo alipoiona mikono iliyomshika.

"Pole na wewe," akamwambia.

Na tangu siku hiyo hatukaguani tena jioni, kwa kuwa mwili hujisemea wenyewe. Mtoto akianguka hulia, na mama yake, kabla hajauliza alikuwa akikimbilia nini, humwuliza ni wapi. Nasi tunaambiana pole hata kwa kujikwaa, hata kwa mtu tusiyemjua. Si dawa, lakini ile sauti hupungua.

Kwa Nyamizi mwenyewe, Bibi Maumivu alisahau kutoka. Mikono ilimuuma mpaka uzeeni, zaidi asubuhi za baridi, na wala hakuwa mvumilivu. Alinung'unika, na kuna siku alijuta waziwazi. Siku hizo Kalunde, ambaye sasa alikuwa na watoto wake, aliichukua mikono ile miwili, akaipaka mafuta ya mawese, akamwuliza, "Wapi, mama?" Naye Nyamizi akamwonyesha.