Mbegu Iliyotemwa Penye Mtungi

Paukwa!

Pakawa!

Huko nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, kando ya msitu mkubwa, aliishi Sikuzani, fundi wa kuhifadhi mbegu. Mahindi yake hayakuliwa na fukusi, kunde zake hazikuoza. Vyote vilikaa kichanjani juu ya meko, moshi ukivipiga. Wacha wee, alivyojisifu!

Mama mkwe wake, Bi Mwatabu, akaugua. Kila chakula kikawa kichungu kinywani mwake. Akakonda, akabaki macho. Ndipo ndege Hondohondo akatua na kijitunda chekundu mdomoni.

"Mpe atafune hiki, kisha mpe uji. Leo hata ndimu ataiona tamu."

Kweli, bibi akala mpaka akalamba bakuli.

"Lete mengine!" akasema Sikuzani.

"Kichaka ni kimoja msitu mzima, na yamebaki mawili. Panda mbegu."

"Kupanda? Hapo umefika kwa mwenyewe!"

Akaiosha, akaianika kichanjani, moshi ukaipiga. Akaipanda. Kimya. Mbegu ya tunda la pili, akaiosha, akaianika, moshi ukaipiga. Akaipanda. Kimya.

Hondohondo akaleta la mwisho. Bibi akatafuna, akanywa uji wake.

"Mama, mbegu iko wapi?"

"Nimeitema hapo nje, penye mtungi."

"Umeitema? Mama, ndiyo uhai wako huo!"

Akachakura tope kutwa nzima, asiione. Akalia sana, maana alimpenda bibi yule.

Bi Mwatabu akarudi kususa chakula. Asubuhi moja Sikuzani akaenda kuchota maji mtungini. Lahaula! Pale mtungi unapodondosha maji, kivulini mwa mgomba, mche umesimama, na Hondohondo ametua juu ya mgomba.

"Ndugu yangu Hondohondo, mbona huu umeota na mbegu zangu zimegoma?"

"Mbegu hii ikikauka imekufa, bibie. Sisi tunakula na kutema palepale, kwenye kivuli na unyevu."

"Kumbe nilikuwa nazika maiti!" Sikuzani akacheka mpaka akashika mbavu.

Mnauliza mche ulichukua muda gani? Miche ya hadithi haina subira. Ukazaa, bibi akala, akanenepa, akaanza kugombeza watu kama zamani. Na mgeni akila tunda hilo, akataka kuifunga mbegu kwenye upindo wa kanga, Sikuzani humkemea: "Aka! Tema hapahapa!"

Hadithi yangu imeishia hapo, penye mtungi. Mwenye kiu achote.