Mtoto wa Nuru Aitwe Nani?

Jumatatu, tarehe kumi na mbili Februari, saa nne na robo asubuhi, mashine iliyobeba tovuti ya wachangia damu wa Kondoa iliungua. Majina yote yakapotea: nani ana damu ya kundi gani, na anaishi kata gani.

Tovuti hiyo waliijenga wanawake watatu. Mwasiti ndiye aliyewaita wenzake, baada ya mdogo wake Rukia kufa uzazini kwa kukosa damu, na kumbe mwenye damu ya kumfaa aliishi mtaa wa pili, hana habari. Arobaini ilipokwisha Mwasiti alisema, "Kulia nimelia. Sasa tufanye kazi." Hidaya alijua kurudisha kilichopotea. Zubeda alijua kutafuta upesi. Mwasiti mwenyewe alijua kuzuia watu wawili wasigombee kitu kimoja.

Mashine ikiwa bado inanuka moshi, simu ililia. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi.

"Dada Mwasiti, tuna mama hapa, Nuru. Amejifungua mtoto wa kike, damu haikatiki. Kundi lake O hasi, na sisi hatuna hata chupa moja."

Ilikuwa hali ile ile ya Rukia. Mwasiti akasema, "Bismillahi," akavuta kiti.

Kila Ijumaa baada ya sala, Hidaya alikuwa akichukua nakala ya majina yote na kuirudisha kwenye kompyuta kuukuu, aone kama inafunguka. Zubeda alizoea kumtania: "Shoga, leo tena mazoezi ya msiba?" Naye hujibu, "Nicheke tu. Nisipoijaribu nitajuaje kama ni nzima?" Sasa aliirudisha kwa mkono uliozoea, na majina yakasimama upya.

Zamani, kumtafuta mtu kulikuwa ni kompyuta kupitia jina moja moja, toka mwanzo hadi mwisho, na watu walikuwa maelfu. Zubeda aliunda faharasa ya makundi ya damu na kata, mfano wa ile ya nyuma ya kitabu inayokupeleka moja kwa moja kwenye ukurasa unaoutaka. Kwenye kompyuta ile kuukuu, utafutaji wa zamani ungekwama. Wake ulijibu kufumba na kufumbua: mwenye O hasi aliye karibu alikuwa mmoja tu, fundi viatu Mzee Kidunda.

Kulikuwa na siku hospitali mbili zilimwita mchangiaji mmoja kwa pamoja. Akapanda gari la kwenda mbali, na mgonjwa wa karibu akamkosa. Ndipo Mwasiti akaandika utaratibu: kumshika mchangiaji, kumtumia ujumbe na kuiarifu maabara vifanyike vyote pamoja au kisifanyike hata kimoja, na akishashikwa mwingine hamgusi. Asubuhi hiyo ya Nuru, hospitali ya wilaya jirani nayo ilimwomba Mzee Kidunda kwa upasuaji ambao ungeweza kusubiri. Muuguzi wa Nuru alikuwa amewahi kidogo tu. Hao wengine wakajibiwa: "Ameshashikwa. Tafuta mwingine." Mzee akafika wodini, gundi ingali mikononi.

Nuru akapona. Mumewe, Jumbe, akaja ofisini.

"Siku ya saba tunachinja akika. Mama mtoto anasema binti atachukua jina la aliyemwokoa. Nipeni jina moja."

"Mzee Kidunda je?" akauliza Mwasiti.

"Nimemwambia, akacheka. Anasema hajawahi kuona binti anaitwa Kidunda."

"Basi mpeni la Rukia."

Jumbe akainamisha kichwa. "Mola amrehemu. Lakini Nuru anataka jina la aliye hai, binti akikua aende akamshukuru."

Hidaya akasema, "Bila mimi mngetafuta wapi?"

"Ungebaki na majina yako yote," akasema Zubeda, "na mgonjwa tumeshamzika."

"Mngempata Mzee Kidunda," akasema Mwasiti taratibu, "naye yuko njiani kwenda kwingine."

Jumbe akawatazama mmoja mmoja. Akika ni kesho.

Je, wewe unayesikiliza, ungeamua vipi? Mtoto aitwe Hidaya, Zubeda au Mwasiti? Jibu, na useme kwa nini. Na kabla hujajibu, muombee Rukia pamoja nasi: Ewe Mola, msamehe, lipanue kaburi lake, litie nuru, na mjaalie pepo. Amin.