Vitundu vya Chini

Wapendwa, hebu nisikilizeni. Palikuwa na bwana mmoja, mjenzi wa minara ya simu, ambaye kazi ilimhamisha huku na huku kila mara. Akachoka kupanga nyumba. Akanunua gari la kuishi, lenye jiko, choo, na chumba kidogo cha kulala kinachovutwa nje kama mtoto wa meza. Mkifika mahali, mnakisukuma nje, nafasi inaongezeka. Mkiondoka, mnakirudisha ndani. Wakaishi humo yeye, mkewe na kichanga chao, Tumsifu.

Masika yakaingia. Asubuhi moja wakakuta godoro limelowa pembeni. Bwana akatoka, akazunguka gari, akainama. Chini ya kile chumba, kwenye ukingo, akaona vitundu vinadondosha maji, tone, tone.

"Mwizi nimemkamata!" akasema. Akaviziba kwa silikoni, akanawa mikono.

Mvua iliyofuata, godoro likalowa lote.

Akachanganyikiwa. Akaongeza silikoni. Akaziba mpaka vichwa vya skrubu. Maji yakazidi! Tena mengine yaliingia jua likiwaka: wakirudisha chumba ndani ili wasafiri, maji yanawamwagikia miguuni, na mbinguni hakuna hata wingu. Sakafu ikaanza kubonyea. Uvundo ukatanda. Mtoto akashikwa na kikohozi kisichosikia dawa.

"Baba Tumsifu, tuhame humu," mke akamwambia. "Mtoto kifua kinambana."

"Nivumilie leo tu. Kila tundu nimeziba, Mama Tumsifu. Kila tundu! Sasa maji yanapita wapi?"

"Na yakishaingia, yatokee wapi?"

Bwana akatoka nje. Akachukua kisu, akalala chali chini ya gari, akaanza kubandua silikoni yake mwenyewe. Tundu la kwanza tu, maji machafu yakamrukia usoni, yakatiririka mpaka akaogopa. Kumbe vile vitundu havikuwa ugonjwa! Aliyeliunda gari ndiye aliyeviweka, ili maji yanayopenya juu yapate pa kutokea. Akapanda juu, akakuta mpira wa kuzuia maji umepasuka, akaubadilisha. Chini akapaacha wazi. Mtoto alipona, lakini baada ya kulazwa. Ile sakafu ilibidi ing'olewe yote.

Msimcheke, wapendwa. Sisi tukimwona mtu anadondosha machozi, tunamwambiaje? "Nyamaza." "Jikaze." "Mwanamume halii." Kisha tunanawa mikono, tunadhani tumeponya. Halafu tunashangaa: mbona fulani amekuwa mkali nyumbani? Mbona fulani halali? Mbona huyu ameanza kunywa?

Yule dada yetu aliyezika mumewe, alisimama hapa mbele kutoa ushuhuda, akaanza kulia. Tukafanya nini? Tukaanzisha pambio. Makofi, vigelegele, mpaka sauti yake ikazama. Akajifuta uso, akaketi. Tukasema, Bwana asifiwe, amefarijika.

Nawauliza: leo ameketi wapi? Geukeni mtazame. Mmemwona?

Basi leo baraka ya kuagana sitaitoa hapa. Tutatoka mlango huu sote, twende mpaka kwake, niitolee huko. Na akilia, asiwepo mtu wa kuanzisha pambio.