Kwa Nini Mafundi wa Ndege Huitana Kabla ya Kugusa Rafadha

Zamani, Waingereza walipoleta ndege zao za kwanza kwenye uwanda ulio chini ya milima ya Taita, injini ziliwashwa kwa ishara tu, bila mtu kusema neno. Nazo zilikuwa injini za ajabu. Haikuzunguka rafadha peke yake, lile panga la mbele. Injini nzima ilizunguka pamoja nayo, ikirusha mafuta ya mbarika huku na huku. Watu wetu walizitazama midomo wazi.

Walioziwasha ni Righa na shemeji yake Mwachofi, aliyemwoa dada yake. Mwachofi alikaa kwenye kiti cha rubani, mkono kwenye swichi. Righa alisimama mbele, akiizungusha rafadha polepole kwa mkono ili injini ivute petroli. Akimaliza, aliitikia kwa kichwa. Hapo ndipo Mwachofi alipowasha swichi, na Righa akaisukuma rafadha kwa nguvu na kuruka nyuma.

Asubuhi moja, Righa angali anazungusha, kitambaa kilimponyoka begani. Akainamisha kichwa kukitazama, mkono bado uko kwenye rafadha.

Mwachofi akawasha swichi.

Injini ilinguruma papo hapo. Hakuna aliyemsikia Righa akilia. Watu waliona tu amekaa chini, anautazama mkono wake wa kulia, na kiganja hakipo.

Rubani, Bwana Hargrove, alikuja mbio. Mwachofi alishindwa hata kushuka, ilibidi ateremshwe.

Righa, akifungwa jeraha, alimwuliza, "Shemeji, ulinionaje?"

"Nilikuona umeitikia."

"Nilikuwa natazama kitambaa."



Jeraha lilipopona, Righa alirudi uwanjani akasema ishara za kichwa sasa basi. Aliye mbele aite, aliye kitini ajibu kwa sauti. Hargrove akauliza kelele hizo za nini. Righa akauinua mkono wake.

Siku hiyo Righa ndiye aliyepanda kitini. Mwachofi alisimama mbele ya rafadha, jasho likimtiririka.

"Imezimwa?" aliita.

Righa aliitazama swichi, kisha akamtazama mume wa dada yake.

"Imezimwa, shemeji."

Na tangu siku hiyo, ingawa injini zile zimekwisha kupitwa na wakati, fundi wa ndege haigusi rafadha mpaka aite na ajibiwe. Hata kama aliye kitini ni ndugu yake wa tumbo moja, asiposikia jibu, hurudi nyuma na mikono yake yote miwili.