Bi Kindi, Kodi ya Karanga na Mama Mkwe wa Nyati

Hapo zamani za kale, enzi ambazo kila mnyama alikuwa na jiko lake na kila jiko lilitoa moshi wake, aliishi Bi Kindi, mkaanga karanga. Siku hizi karanga mnazinunua zimefungwa kwenye vikaratasi, zimepoa, hazina hata harufu. Zile za Bi Kindi, wanangu, ukizisikia chunguni, chaka chaka, chaka chaka, ulijikuta umefika mlangoni kwake na hujui miguu imekuletaje.

Nyumba yake ilikuwa ndani ya mkuyu mkongwe. Alizaliwa humo, na mamake alikaangia humo. Ukutani palibaki alama nyeusi ya moshi wa mamake, na Bi Kindi hakuipaka chokaa hata siku moja. Kila asubuhi aliitazama kwanza ndipo akawasha moto. Alimkumbuka sana mamake, na hakuona haya kusema hivyo.

Mwaka mmoja mvua zikaja kwa wakati, karanga zikajaa. Bi Kindi akauza mpaka mikono ikamuuma. Kwa mapato yale akaezeka paa upya, akawaozesha wapwa zake wawili, akala vizuri. Mwisho wa mwaka, kama ilivyokuwa sheria ya Mzee Tembo, mkuu wa baraza, kila mnyama alikwenda barazani kutaja alichopata, akakadiriwa kodi.

Jirani yake, Pimbi, alimnong'oneza, "Taja nusu, bibi. Nani atajua?"

"Mimi siwezi," akajibu Bi Kindi. "Nikidanganya, kila mlango ukigongwa nitadhani ni askari."

Akaenda, akataja yote. Akaambiwa kodi yake ni pishi arobaini za karanga. Bi Kindi akashika kichwa. Nyumbani zilikuwa zimebaki pishi kumi na mbili, basi. Zile nyingine zilikuwa juu ya paa, na matumboni mwa wageni wa harusi.

Siku tatu baadaye, pu! pu! pu! ardhi ikatikisika. Alikuwa Nyati, mtoza kodi.

"Hodi hapa."

"Karibu, Bwana Nyati. Kaa kitako, upoze koo."

"Sikuja kukaa. Siku ya gulio nataka pishi arobaini barazani."

"Sikatai, bwana. Ninazo kumi na mbili. Chukua hizi, na zinazobaki nitaleta kila mwezi ukiandama mpaka ziishe."

Nyati akacheka kwa pua. "Mimi si muuza vitumbua, nilipwe kimoja kimoja. Utaleta zote kwa mara moja, au nyumba hii inakuwa ghala la baraza." Akazungusha macho kwenye ule mkuyu kama mtu anayepima chumba cha kupanga. "Huu ukuta mchafu tutaukwangua."

Akaondoka. Bi Kindi alikaa chini. Paa lingeweza kwenda, chungu kingeweza kwenda, lakini ule ukuta hapana. Akalia kidogo. Nani asingelia?

Halafu, katikati ya machozi, likamjia jambo la zamani: harusi ya Nyati mwenyewe. Ah, harusi ile! Bi Kindi alikuwa msichana, na mamake alikaanga karanga wiki nzima. Ngoma zilipigwa mpaka vumbi likawa juu ya miti. Na Nyati, wakati huo kijana mwembamba, alifika kwa wakwe na mitungi mitatu ya asali, na mahari waliyotaja ni mitungi kumi. Bi Kindi alikumbuka jinsi mguu wa bwana harusi ulivyokuwa ukitetemeka. Akaacha kulia, akaanza kucheka peke yake, kwi kwi kwi.

Kesho yake akafunga kibaba kimoja cha karanga za moto, akavuka bonde mpaka kwa Bi Pofu, yule swala mkubwa kuliko wote, mama mkwe wa Nyati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Harufu hii naijua. Hii ni ya mkono wa mama yako."

Wakatafuna, wakaikumbuka harusi. Bi Kindi akauliza pole pole, "Na ile mitungi saba iliyobaki, mama, ilikuja?"

"Alikuwa akileta mmoja mmoja. Kila akileta alikaa hapa, akala, akanisimulia habari za binti yangu na wajukuu. Mitatu ilifika namna hiyo. Tangu apewe kazi ya kodi hajaonekana. Mwaka wa tatu huu." Bi Pofu akaangalia njia. "Asali si kitu, mwanangu. Ninachokosa ni yeye kuja."

Basi Bi Kindi akamweleza shida yake yote, hakuficha kitu. Bi Pofu akasikiliza, masikio yamesimama. Kisha akasema, "Siku ya gulio, eh? Nitavaa kanga zangu mpya."

Siku ilipofika, baraza lilijaa. Mzee Tembo ameketi, Nyati amesimama kando yake kifua mbele. Bi Kindi akaweka kikapu chake cha pishi kumi na mbili.

"Mzee, hazikutimia," akasema Nyati. "Naomba ruhusa nikachukue nyumba."

Kabla Tembo hajafungua kinywa, sauti ikatoka nyuma. "Na mimi nina madai, Mzee."

Nyati aligeuka, akamwona mkwewe. Palepale akainamisha kichwa mpaka pembe zikagusa vumbi. Mbele ya mkwe, hata nyati hapandishi sauti.

"Huyu mkwe wangu," akasema Bi Pofu, "ana mitungi minne ya mahari yangu. Naitaka leo, yote kwa mara moja. Asipotoa, binti yangu narudi naye nyumbani."

Jasho likamtoka Nyati.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "mimi sikatai. Nimelipa sita, kila mtu anajua. Anayekuja na alichonacho hajakimbia. Nyumba yangu ukiivunja leo, asali utaipata wapi kesho? Pokea kidogo, mama. Nipangie siku, nitaleta mpaka iishe."

"Mzee Tembo umesikia?" akauliza Bi Pofu.

"Nimesikia, na amesema kweli."

Hapo Bi Kindi akaruka juu ya kikapu chake. "Mzee, mimi sina la kuongeza. Bwana Nyati ameshanisemea yote."

Wanyama wakaangua kicheko. Nyati akainua kichwa nusu. "Lakini ile ni mahari, na hii ni kodi!"

"Sema tena, baba," akasema Bi Pofu kwa upole, "sijasikia vizuri."

Kichwa cha Nyati kikarudi chini.

Mzee Tembo alicheka mpaka machozi, kisha akakata shauri. "Kumi na mbili zinapokelewa leo. Zinazobaki, pishi nne kila mwezi ukiandama, na kibaba kimoja juu yake kwa kuchelewa. Ukikosa mwezi mmoja, Bi Kindi, nyumba inaondoka, na mimi sitakutetea. Umekubali?"

"Nimekubali, Mzee."

Nje, Nyati alimkamata Bi Kindi pembeni. "Ni wewe uliyemleta mkwe wangu."

"Mimi nilimpelekea karanga tu, bwana. Yeye mwenyewe alikuwa akikungoja miaka mitatu. Analiangalia lile bonde kila siku, akidhani utatokea."

Nyati alitaka kukasirika, akashindwa. Akakwaruza ardhi kwa ukwato. Halafu akauliza, kama kijana mwembamba wa zamani, "Ulimkuta mzima? Bado anapika ule uji wa mtama?"

"Nenda ukaonje," akasema Bi Kindi.

Jioni ile, waliokuwa njiani walimwona mtoza kodi akivuka bonde na mtungi wa asali mgongoni. Bi Kindi naye alirudi kwake, akafunga mlango, akaweka kiganja kwenye ukuta mweusi wa mamake, akakiacha pale muda mrefu.

Ndiyo maana nawaambia, wanangu: ukidaiwa usichoweza kulipa chote, usijifiche, nenda na ulichonacho, uombe kupangiwa siku.